Kofia ya Mtoto Hufumwa Mstari kwa Mstari

Leo hatusemi juu ya sindano ya munganga. Tunasema juu ya sindano za nyumbani, na uzi, na uvumilivu. Labda mtauliza: Mambo hayo yanaingiaje katika kitabu cha afya? Sikilizeni kwanza habari ya mama mmoja.

MAMA MMOJA NA SINDANO MBILI

Mama huyu alizaa kabla ya miezi kutimia. Tulipima mtoto, tukaona gramu 1,400 tu. Mama alikuwa amekwisha kuzika mtoto mwingine aliyezaliwa vile vile, akafa kwa baridi usiku wa pili. Kwa sababu hiyo alikataa kumpa huyu jina. Alisema, “Munganga, nitamwitaje mtu anayepita tu?”

Tulimvika mtoto kofia ya hospitali na nepi, tukamlaza juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, tukamfunga vizuri kwa kikwembe. Njia hii ilianza mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia. Waganga wawili, Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, waliona kwamba mashini za kutia watoto joto hazitoshi. Basi wakatumia joto la mama mwenyewe. Leo Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba watoto wadogo walindwe hivi tangu kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kila siku.

Lakini mama naye ni mtu. Lazima aoge, ale, anyoshe mgongo. Kwa hiyo kila jioni baba alivua shati, akamchukua mtoto kifuani pake. Mwanzo aliona haya, baadaye alikuja kabla ya saa yake. Katika saa ile moja mikono ya mama ilikuwa mitupu, na mikono mitupu huleta mawazo mengi. Nilimpa sindano mbili za kufuma na kidonge cha uzi wa sufu. Nikamwambia, “Mfumie mtoto wako kofia.”

Siku ya kwanza alifuma mistari mitatu. Siku ya pili alifumua miwili. Siku ya tatu vitanzi vilikuwa 44, kesho yake vilikuwa 41, na hakujua vitatu vimekwenda wapi. Tulicheka pamoja, tukaanza tena. Hata hivyo niliona jambo moja: jioni alipokuwa akihesabu vitanzi, hakuwa akihesabu siku za yule aliyekufa. Na asubuhi, tulipomweka mtoto juu ya mizani, mama aliuliza kwanza, “Ameongeza gramu ngapi?”

Baada ya majuma matano kofia ilikwisha. Mama alileta kwa furaha, akamvika mtoto. Haikuingia! Kichwa kilikuwa kimekua, na mtoto alipita gramu 2,000. Mama alitazama kofia, akatazama mtoto, machozi yakaanza kumtoka. Kisha akaanza kucheka, akasema, “Mtoto huyu amenishinda mbio.” Siku ile ile alimpa jina. Kofia ndogo akaiacha katika sanduku letu la nyumba ya uzazi kwa mtoto mwingine. Yeye akaanza kofia ya pili, na mara hii alianza na vitanzi 64.

KWA NINI KICHWA KIFUNIKWE?

Mtoto mchanga anatoka mahali pa joto, naye amelowa. Maji yakikauka juu ya ngozi yake, yanachukua joto lake. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na mafuta chini ya ngozi ni machache, hasa kama alizaliwa kabla ya wakati. Mtoto aliyepoa hana nguvu ya kunyonya. Asiponyonya anazidi kupoa. Si uchawi, ni baridi. Hata penye joto mtoto anaweza kupoa, sembuse kwetu milimani, kama Lubero na Butembo, ambako usiku watu wazima wenyewe hutafuta moto.

Kwa hiyo: mkausheni mtoto mara anapozaliwa, mwekeni juu ya kifua cha mama, mvisheni kofia, mnyonyesheni katika saa ya kwanza. Msimwogeshe kabla ya saa 24 kupita. Joto lake linalofaa ni 36.5 mpaka 37.5. Kama miguu yake ni baridi na anakataa ziwa, msingoje asubuhi. Mleteni hospitalini akiwa kifuani pa mama.

NAMNA YA KUFUMA

Kofia hii ni ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake. Tafuteni sindano mbili za unene wa milimita 4, na uzi laini usiochoma ngozi.

1. Anzeni na vitanzi 64. Kwa mtoto mdogo zaidi, 56.

2. Fumeni viwili vya uso, uzi ukiwa nyuma ya sindano, kisha viwili vya mgongo, uzi ukiwa mbele. Endeleeni hivyo mpaka mwisho wa mstari, na kila mstari vile vile. Kofia itavutika kama mpira na kushika kichwa vizuri.

3. Kazi ikifika sentimita 13, fumeni vitanzi viwili viwili pamoja katika mstari mzima. Vitabaki 32. Fumeni mstari mmoja bila kupunguza. Punguzeni tena vibaki 16, mstari mmoja bila kupunguza, punguzeni tena vibaki 8.

4. Kateni uzi, mkiacha mrefu kidogo. Upitisheni katika vitanzi 8, vuteni, kazeni, kisha shoneni ubavu wa kofia.

Msitie vifungo wala kamba za kufunga shingoni. Kamba inaweza kumnyonga mtoto. Fueni kofia kwa sabuni na kuianika juani kabla ya kumvika. Na mtoto akiisha kukua na kupata nguvu, akilala ndani ya nyumba yenye joto, mvueni kofia. Joto kupita kiasi ni hatari pia.

MAMBO YA KUANGALIA

Msifume mtoto akiwa amefungwa kifuani penu. Ncha ya sindano na jicho la mtoto zisikae pamoja. Ngojeni mpaka baba au nyanya amchukue.

Msishike sindano kwa meno. Ikatieni katika kitambaa, muihesabu kabla ya kulala.

Sindano ya kushonea isiwe ya kutoa funza, wale wengine huwaita matekenya. Nyumba nyingi zina sindano moja: asubuhi inashona shati, jioni inapita miguuni mwa watoto wote. Hivyo pepopunda inaweza kuingia, na damu ya mmoja inaweza kupeleka ugonjwa wa ini au virusi vya UKIMWI kwa mwingine. Na kila mama mwenye mimba apate chanjo yake ya pepopunda.

Kaeni karibu na dirisha au mlango, si karibu na moshi. Kila mara inueni macho, tazameni mlima wa mbali. Aliyepita miaka 40 akiona tundu la sindano limefifia, asione haya. Mimi pia navaa miwani nikipitisha uzi.

POLEPOLE SI UVIVU

Wengine wanaanza kwa nguvu, wanataka kumaliza kwa siku moja, kisha wanatupa kazi chini ya kitanda. Mimi nilifanya hivyo. Katika kofia yangu ya kwanza niliona kitanzi kimeanguka, mistari kumi nyuma. Nikaona uvivu kurudi. Nikasema, “Nani ataona?” Sabuni iliona. Siku ya kufua kofia ilifumuka mpaka juu. Tangu siku ile, nikiona kosa, narudi nyuma bila kulia. Kufumua nako ni kazi, na anayefumua anajifunza.

Wekeni kipimo kidogo: mistari minne kwa siku, si zaidi. Fumeni wawili watatu pamoja, aliyejua amwonyeshe asiyejua. Mnakumbuka habari ya Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Nguo zile nazo zilishonwa mshono kwa mshono, na kila moja ilikuwa na mtu wake.

Leo katika sanduku la nyumba ya uzazi imo kofia moja ndogo sana, yenye vitanzi 44, na ubavu wake umepinda kidogo. Imekwisha kuvikwa watoto wengi. Kila mara tunaifua, tunaianika, tunairudisha. Sanduku lina nafasi bado. Shikeni sindano zenu.