MKONO WA FULANA USIUKATE KAMA WA KITENGE

Mafundi wengi wa nyumbani tuna karatasi ya kukatia mkono wa gauni la kitenge. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo mkono wake hukatwa mpana. Ukiiweka karatasi hiyo hiyo juu ya kitambaa cha fulana, mkono utaning'inia kama mfuko na bega litajaa makunyanzi. Hapo kitambaa kimeshakatwa, pesa imekwenda.

Basi anza kwa kupima. Weka alama mbili zilizoachana sentimeta 10, kwa upande wa upana wa kitambaa. Vuta. Zikifika 13 hivi bila kutumia nguvu, kinavutika vizuri.

Sasa ikunje karatasi katikati, toka begani hadi chini. Ukishika sentimeta 1 kwenye mkunjo, upana unapungua sentimeta 2, maana karatasi imelaliana. Tena ule mviringo wa juu nao unafupika, na hapo ndipo penye kazi. Upime mviringo huo pale utakapopita uzi, si ukingoni. Halafu pima tundu la kwapa kwenye mwili wa nguo. Kwa kitenge mviringo huzidi kidogo. Kwa fulana vipimo viwe sawa. Je, bado umezidi? Shusha kilima cha juu kidogo kidogo. Lakini karatasi isiwe nyembamba kuliko mkono wa mvaaji, bila kuhesabu nafasi ya mshono.

Unganisha mkono kabla hujafunga ubavu. Cherehani ikiwa na zigizaga, tumia nyembamba. Kama haina, vuta kitambaa kidogo unaposhona, la sivyo uzi utakatika mtoto akivaa.