Kabla Hujang'oa Katalitiki

Madereva wengi wa Probox wanaopanda kutoka mjini Kisii kuelekea Keroka, au wanaokata kona za kwenda Nyamira na Kebirigo, wana lalamiko moja: gari limeishiwa nguvu. Wakifika gereji huambiwa katalitiki imeziba, na dawa yake ni kuikata na kuchomelea paipu tupu mahali pake. Kazi hiyo haichukui muda. Gari hutoka likinguruma, na mwenye gari huondoka akiamini limepona. Mara nyingi ugonjwa umebaki palepale, na kilichoondoka ni kifaa cha thamani kuliko vyote kwenye ekzosi.

Katalitiki hukaa kati ya injini na silensa. Ndani ya ganda lake la chuma mna masega ya kauri yenye maelfu ya vitundu vyembamba, yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Masega yakishapata moto wa nyuzi 300 hivi, madini hayo huanza kusafisha moshi unaopita. Kaboni monoksidi hugeuka kaboni dioksidi, petroli ambayo haikuungua humaliziwa kuungua, na oksidi za nitrojeni huvunjwa zikawa nitrojeni ile ile iliyojaa hewani. Katalitiki nzima iliyokwisha kupata moto huondoa zaidi ya tisa kwa kumi ya sumu hizo. Hapa Kenya kifaa hiki kiliweza kudumu baada ya petroli yenye risasi kuondolewa sokoni kufikia mwanzo wa 2006, kwa kuwa risasi huyafunika madini hayo na kuyaua.

Je, katalitiki ndiyo inayolemaza gari mlimani? Tuanze na mlima wenyewe. Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo kila pumzi ya injini ina oksijeni pungufu. Injini ya Probox ya lita 1.5, ambayo kiwandani ilipimwa nguvu ya farasi 109, hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu hizo ikifika hapa. Ongeza abiria waliobanana, magunia ya ndizi juu na mteremko unaofuatwa na mwinuko, ndipo utaelewa kwa nini gari linahema. Katalitiki nzima inazuia nguvu kidogo sana, na ukiiondoa katika injini ndogo kama hiyo hutahisi tofauti. Unachokisikia ni sauti, na sauti kubwa si nguvu.

Hata hivyo, kuna katalitiki zilizoziba kweli, na hizo hulikaba gari. Lakini hazizibi bila sababu. Plagi au koili mbovu ikiacha petroli mbichi ipite, petroli hiyo huunguzwa ndani ya masega, joto hupanda kupita kiasi na kauri ikayeyuka. Ringi zilizochakaa huruhusu oili kuungua na kuacha masizi. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa huungua vibaya na kuchafua kila kitu. Ni kwa ajili ya uchanganyaji huo serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mnamo 2018. Nazo barabara zetu za murram hugonga kifaa hiki kwa mawe kutoka chini. Ukiweka paipu tupu bila kutibu plagi, koili au ringi, injini itaendelea kula petroli na oili kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo dai kipimo kabla ya msumeno. Fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalitiki, afunge geji ya shinikizo hapo, kisha akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Geji ikionyesha zaidi ya paundi 3 hivi, kuna kizuizi mbele ya moshi. Ikisoma chini ya hapo, tafuta kosa kwingine: chujio la hewa, chujio la petroli, plagi, klachi au breki zinazoshika. Pia gari likiwa limepoa, gonga ganda kwa nyundo ya mpira. Mlio wa vipande vinavyocheza ndani ni dalili kwamba masega yamevunjika.

Ukichagua paipu, jua unachonunua. Taa ya injini itawaka, kwa sababu sensa ya nyuma haitaona moshi uliosafishwa, na taa iliyozoeleka kuwaka haitakuonya siku kosa lingine likitokea. Weldi ikivuja karibu na sensa ya kwanza, hewa huingia, kompyuta ya gari hudhani petroli ni chache na kuongeza, nawe unalipa kituoni. La hatari zaidi ni kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikivuja chini ya gari lililojaa watu, madirisha yamefungwa kwa baridi ya usiku wa Nyansiongo, abiria wataumwa kichwa na kusinzia kabla ya kujua kinachowapata.

Sheria nayo iko. Kanuni za ubora wa hewa zinakataza gari kutoa moshi unaozidi viwango, na kanuni za kelele zinakataza gari lenye mlio mkubwa usio wa kawaida.

Katalitiki ikithibitika imekufa, rekebisha kwanza kilichoiua, kisha tafuta nyingine: mpya inayolingana na ukubwa wa injini yako, au iliyotumika kutoka Japani ambayo imepimwa na haijatobolewa. Ukikosa fedha kwa leo, tengeneza injini kwanza na uweke akiba ya katalitiki. Ile ya zamani ni mali yako. Madini yake hununuliwa, kwa hiyo mwombe fundi akukabidhi ganda pamoja na masega yake, au mkubaliane bei mbele yako na uipunguze kwenye gharama ya mpya.

Sensa ya watu ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira, na wengi wao wanaishi, wanauza ndizi na kutembea kwenda shule kando ya barabara. Moshi wa gari lako hauna pengine pa kwenda ila vifuani mwao. Katalitiki nzima ibakie mahali pake, iliyokufa ibadilishwe, na paipu tupu isihesabiwe kuwa tiba.