Kibao Kimoja cha Roki, Watu 134 Mlangoni

Tuchukue bendi ya watu 4 inayofanyia mazoezi Free Area, upande wa mashariki wa jiji la Nakuru: gitaa mbili, besi na dramu. Wanataka kuachia kibao kimoja tu, kwa bajeti ya kujibana ya shilingi 40,000. Pesa hiyo itarudi vipi?

Gharama kubwa ni dramu. Rapa anaweza kurekodi kwa biti ya kompyuta na maikrofoni moja. Mpiga dramu hawezi. Ngoma ya mguu ina maikrofoni yake, sneya yake, tomu zake, kisha mbili zinaning'inizwa juu ya matoazi. Ukihesabu unafika 7 au 8, na fundi wa kumiksi lazima aisafishe sauti ya kila moja. Chumba nacho kisiwe na mwangwi, wala kisipakane na jirani mwenye mtoto aliyelala. Wakiamua kwenda studio ya Nairobi, kilomita 160 hivi, na nauli tuikadirie shilingi 500 kwa mtu, kwenda na kurudi ni 4,000. Asilimia 10 ya bajeti imeishia barabarani. Hata hivyo, nisingewashauri watumie dramu za kompyuta. Nguvu ya roki iko kwenye mikono ya yule mtu nyuma ya ngoma.

Sasa mapato. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, na tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Ukivuka hapo, makadirio yanayotajwa sana ni dola 0.003 hadi 0.005 kwa kila mara. Tushike la chini, dola ikiwa shilingi 129: mara 1,000 ni shilingi 387. Kurudisha 40,000 kunahitaji karibu mara 103,400. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 193,926 katika Nakuru Mashariki nzima. Zaidi ya nusu yao, watoto wachanga wakiwemo, wangelazimika kuusikiliza. Au mashabiki 2,068, kila mmoja mara 50.

Skiza, huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia mpigaji simu akisubiri kupokelewa, ni afadhali kidogo. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yanampa msanii si chini ya shilingi 52 katika kila 100. Wakigawana wanne, 13 kila mmoja.

Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni ambako utawapata Crystal Axis, wapanki wa Nairobi walioimba kuhusu vyumba vya mateso vya Nyayo House, hukata asilimia 15 ya mauzo ya wimbo. Kwa bei ya dola 2, kabla ya ada za malipo, bendi inabaki na shilingi 219 hivi. Wanunuzi 183 wanarudisha gharama yote. Hiyo ni hesabu ya kibinadamu, ila mnunuzi awe na kadi au PayPal.

Halafu kuna mlango. Kiingilio shilingi 300, watu 134, deni limekwisha. Mwenye ukumbi akitaka nusu, watu 267. Ndiyo maana ningeanza kwa kutafuta tarehe ya ukumbi, kisha nikaachia kibao wiki 2 kabla yake, watu waje wakiwa wameshika kiitikio.