Kutoka Masisi na Walikale hadi Nairobi: kutazama mashindano ya gofu inaomba nini?

Kila mwaka, mu mwezi wa pili ao wa tatu, wachezaji wa gofu kutoka Ulaya, Amerika, Azia na Afrika wanakutana Nairobi juu ya mashindano ya Kenya Open. Kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo, hayo ni kati ya mashindano makubwa ya gofu yenye kuwa karibu. Lakini kwa mutu wa Masisi ao Walikale, kazi kubwa haiko kupata tiketi. Kazi ni barabara na makaratasi.

Mashindano gani haya?

Kenya Open ilianza mwaka 1967. Tangu 2019 iko kati ya mashindano ya daraja la juu la Ulaya, yale yanayoitwa leo DP World Tour. Wachezaji wa jina kubwa walipitia hapo kabla dunia iwajue vizuri. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda Nairobi mu 1978, na mwaka uliofuata akashinda Open ya Uingereza. Ian Woosnam wa Wales alishinda mu 1986. Mu 2025 feza ya zawadi ilikuwa dola milioni 2.5 kwa jumla, na mushindi alikuwa Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini.

Hakuna Mukenya mwenye alishashinda. Jacob Okello alikaribia sana mu 1998: alimaliza sawa na Ricardo González wa Argentina, wakacheza tena kwa kuwatenganisha, González akashinda.

Wanahesabu namna gani?

Mu mupira wa miguu, mwenye mabao mengi ndiye mushindi. Mu gofu ni kinyume: mwenye kupiga mara chache ndiye anashinda. Uwanja una mashimo 18. Kila shimo lina hesabu yake, mara 3, 4 ao 5, yenye muchezaji wa kweli anapashwa kufikisha mupira ndani. Hesabu hiyo inaitwa pa. Kwa mashimo yote 18 ya Muthaiga, pa ni 71. Mwenye kumaliza kwa mara 68 anaandikwa "tatu chini", na hiyo ni sifa.

Mashindano yanachukua siku ine, kuanzia siku ya ine hadi siku ya yenga. Wachezaji zaidi ya 100 wanaanza. Kisha siku mbili, wale wa nyuma wanakatwa, na karibu nusu wanarudi nyumbani. Mwenye anataka kuona wachezaji wengi aende siku za kwanza. Mwenye anataka kuona mushindi aende siku ya yenga.

Mutazamaji anafanya nini?

Hapa gofu inashangaza watu wenye kuzoea tribini. Mutazamaji hakai pahali pamoja, anatembea. Kufuata kikundi kimoja toka shimo la kwanza hadi la 18 ni zaidi ya kilomita saba, na inaweza kumaliza saa nne ao tano. Kwa mutu mwenye kupanda vilima vya Masisi na muzigo, hiyo haiko mbali. Lakini avae viatu vya chini, achukue kofia na maji. Mwenye hawezi kutembea achague shimo moja, kwa mfano la 18, akae hapo; wachezaji wote watapita mbele yake.

Kanuni ni chache, na zinafuatwa kwa ukali. Simu inanyamazishwa. Hakuna kupita kamba. Muchezaji akishasimama karibu na mupira, kila mutu anasimama na kunyamaza mpaka apige. Kisha hapo kupiga makofi inaruhusiwa. Na ukisikia watu wanalalamika kwa sauti "foo!", usiangalie juu: inama na ufunike kichwa kwa mikono. Mupira wa gofu ni mugumu sawa jiwe, na unaweza kuumiza mutu vibaya.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Nairobi iko karibu metre 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, kwa hiyo mupira unaruka mbali kuliko kwenye pwani. Wachezaji wageni wanatumia siku za mazoezi kupima upya nguvu ya mukono wao.

Safari inapitia wapi?

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mu Januari 2025, wakati M23 walichukua muji. Kwa hiyo mwenye kutoka Goma anavuka kwanza kwenda Rubavu, kisha Kigali. Toka Kigali kuna ndege ya saa moja na nusu hivi hadi Nairobi, ao bisi yenye kupitia Uganda, yenye kumaliza zaidi ya siku nzima njiani.

Mugumu ni mbele ya Goma. Barabara ya Walikale, Nyabiondo, Masisi na Sake imepita mu maeneo ya vita, na mutu hawezi kuipanga sawa safari ya kawaida. Wakaaji wa Walikale wana njia ingine ya Lubutu hadi Kisangani, kisha ndege ya Kinshasa na ya Nairobi. Ni ndefu na bei yake ni kubwa.

Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022, na hiyo imepunguza mambo ya visa. Hata hivyo jetoni ya mupaka, yenye watu wa Goma wanazoea, haiwezi kumufikisha mutu Nairobi. Inaomba paspo yenye ingali na muda, pamoja na karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Mwenye hana paspo aanze kuitafuta miezi mingi mbele, maana ofisi yenye kuitoa inaweza kuwa mbali na kwake.

Kabla ya kulipa kitu

Uwanja wa mashindano unabadilika. Mu 2019 na 2021 walichezea Karen, magharibi ya Nairobi. Toka 2022 hadi 2025 walichezea Muthaiga, upande wa kaskazini. Ulizia kwanza uwanja na tarehe, ndipo utafute pa kulala karibu na hapo. Dola zenye kuchanika zinakataliwa, sawa hapa kwetu. Nairobi watu wengi wanalipa kwa simu, na mugeni anaweza kuandikisha laini kwa paspo yake.

Mwenye kuhesabu feza ya safari hii aanzie na paspo na barabara ya kufika mupakani. Hizo mbili zikikosekana, tiketi ya gofu ni karatasi tu.