SOMO LA TISA: KUGAWA NAMBA KATIKA MTANDAO WA OFISI

Somo hili mmelisikia redioni. Sasa lisomeni polepole. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Mkifika penye neno gumu, simameni, mlizungumze, kisha mwendelee.

Juma lililopita tulieleza mtandao ni kitu gani. Tulisema ni njia ambayo kompyuta na simu hupelekeana habari. Leo tunauliza: Habari hiyo yajuaje mahali pa kwenda?

Jibu ni fupi. Kila chombo kilichomo katika mtandao kina namba yake. Habari hufuata namba.

Mnakumbuka mwaka 2022. Kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, serikali ilifanya kazi ya anwani za makazi nchini. Njia zilipewa majina, na nyumba zilipewa namba. Namba ya nyumba haihami, kwa sababu nyumba haihami. Lakini simu huhama pamoja na mwenyewe. Asubuhi iko Nyandira, jioni iko Langali. Kwa hiyo namba ya mtandao kwa kawaida haitolewi moja kwa moja. Huazimwa. Na panapo vitu vya kuazima, lazima awepo mtu mmoja wa kushika daftari.

MFANO WA SOKO

Fikiri siku ya gulio. Wakulima wanashuka milimani na kabichi, karoti, njegere na viazi. Msimamizi wa soko anamwonyesha kila mmoja mahali pa kukaa kwa siku ile. Jioni, mwenye mzigo akiondoka, mahali pale ni wazi tena. Lakini yuko mama mmoja aliyelipia mahali pake kwa mwaka mzima. Huyo hata akichelewa, mahali pake hapaguswi.

Je, msimamizi akiwapa watu wawili mahali pamoja, itakuwaje? Patakuwa na ugomvi. Na wakiwapo wasimamizi wawili, kila mmoja na daftari lake? Ugomvi hautakwisha.

Katika mtandao, msimamizi huyo ni programu. Hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, au ndani ya kile kisanduku cha waifai kiitwacho ruta. Kazi yake huitwa kwa herufi nne: DHCP. Kanuni za kazi hiyo zilitolewa kwanza mwaka 1993. Zilitengenezwa upya mwaka 1997, na hizo ndizo msingi wake hata leo.

MANENO MANNE

Simu inapoingia katika mtandao huwa ngeni, haimjui mtu. Basi mazungumzo huwa hivi:

Simu huita: "Hodi! Nani agawaye namba hapa?"
Seva hujibu: "Ni mimi. Nakupa 192.168.10.105."
Simu husema: "Naam, naiomba hiyo hiyo."
Seva humaliza: "Haya, chukua. Ni yako kwa saa mbili."

Seva huandika jambo hilo katika daftari lake. Nusu ya muda ikipita, simu huomba kuongezewa muda. Ikiwa mwenye simu amekwenda zake, simu haitaomba. Muda ukiisha, namba hurudi kwa seva, naye mwingine aweza kupewa.

TUPANGE SASA

Tuseme kikundi cha wakulima wa mboga kina ofisi Nyandira. Ofisi ina seva moja, printa moja, na kompyuta tano za makarani. Siku ya gulio huja wageni wengi wenye simu.

Namba zote za ofisi hii zinaanza na 192.168.10. Sehemu ya mwisho tu ndiyo hubadilika, tangu 1 mpaka 254. Namba zinazoanza na 192.168 zimewekwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na maofisi. Ofisi ya Dar es Salaam yaweza kuzitumia hizo hizo bila kugongana nasi, kama kila mtaa unavyoweza kuwa na nyumba namba 1.

Basi tugawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni seva yenyewe. Tunaiandikia 1 kwa mkono. Mgawaji hawezi kujiomba namba.

Fungu la pili ni vyombo vya ofisi. Printa tunaiwekea 10, na kompyuta za makarani tunaziwekea 11 mpaka 15. Hawa ni kama yule mama aliyelipia mwaka. Seva huwatambuaje? Kila chombo hutoka kiwandani na alama yake ya tarakimu na herufi, jumla kumi na mbili. Mara nyingi hubandikwa chini au mgongoni. Tunaandika ndani ya seva: "Chombo chenye alama hii, kipe 10 siku zote." Simu nyingi za siku hizi huificha alama yao ya kweli, kwa hiyo si vizuri kuziweka katika fungu hili.

Fungu la tatu ni wageni. Tunawatengea 100 mpaka 199, yaani namba mia moja. Tunaweka muda wa saa mbili. Kwa nini si siku nzima? Hesabuni wenyewe. Wakija wageni mia moja na hamsini tangu asubuhi mpaka jioni, namba zikiazimwa siku nzima, hamsini watakosa, hata kama wa asubuhi wamekwisha kwenda nyumbani.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Huenda mzee mmoja atauliza: "Namba hizi zinanihusu nini mimi mwenye kabichi?" Sikiliza, babu.

Tuseme hatukuwatengea makarani fungu. Jana printa ilipewa 105. Usiku ilizimwa, muda ukaisha. Leo mgeni mmoja kaja na simu yake, akapewa 105, na printa ilipowashwa ikapewa 131. Karani anataka kuchapa hati ya mzigo. Kompyuta yake inaipeleka kwa 105, kama jana. Haichapwi. Lori limekwisha pakiwa, mvua inakuja, na barabara ya mlimani mnaijua. Dereva hataki kuondoka bila hati. Kabichi inanyauka, na hasara ni ya mkulima.

DALILI TATU ZA KOSA

Kwanza, kompyuta ikionyesha namba inayoanza na 169.254, jua iliita wala haikujibiwa. Tazama waya, kisha tazama kama seva imewashwa.

Pili, vyombo viwili vikiwa na namba moja, labda mtu ameandika namba kwa mkono bila kumwambia mwenye daftari.

Tatu, wengine wakipata mtandao na wengine wakikosa, angalia kama kijana hakuleta kisanduku cha pili cha waifai na kukichomeka kwa nia njema. Nacho hugawa namba! Mzime mgawaji mmoja, abaki mmoja.

Mwisho, ndugu zangu, fundi akimaliza kazi asiondoke na siri kichwani. Mwambieni aandike mafungu yote katika daftari la karatasi, likae kwa katibu. Kazi ya kulishika daftari hilo si ya fundi peke yake. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika namba katika darasa hili, waweza kulishika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Namba ya nyumba na namba ya mtandao zina tofauti gani?
2. Kwa nini printa hutengewa namba yake?
3. Ofisi yenu ina namba hamsini za wageni, na siku ya gulio huja watu themanini. Mtaweka muda wa saa ngapi? Toeni sababu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.