Vimeng'enya vya Seli Masti: Vikata Sumu Vilivyo Ndani ya Ngozi

Seli masti hukaa pale mwili unapokutana na ulimwengu wa nje: chini ya ngozi, katika njia za hewa, kwenye utando wa utumbo na kandokando ya mishipa midogo ya damu. Paul Ehrlich, mwanasayansi Mjerumani, alizieleza mwaka 1878 katika tasnifu yake, baada ya kuona jinsi punje zilizojazana ndani yake zinavyopokea rangi za maabara kwa namna ya pekee. Punje hizo zina histamini, inayofahamika sana kwa sababu ya vidonge vya mzio. Hata hivyo, protini iliyomo kwa wingi zaidi ni vimeng'enya vinavyokata protini nyingine: triptasi, kaimasi, kaboksipeptidasi A3 na kathepsini G. Seli masti nyingi za mapafu na za utando wa utumbo zina triptasi bila kaimasi. Zile za ngozi hubeba vyote vinne.

Ndani ya punje vimeng'enya hivi vimekamilika ila vimetulizwa. Mazingira ya humo yana uasidi, na heparini yenye chaji hasi huvishika pamoja. Chukua mkazi wa Bombolulu, Mombasa, anayechomwa na nyuki wa pwani, huku mwili wake ukiwa umekwisha kutengeneza kingamwili za IgE dhidi ya sumu ya nyuki. Kingamwili hizo zimekaa juu ya seli masti zikingoja. Sumu inapoziunganisha, punje humwagwa nje ndani ya dakika chache. Histamini husambaa upesi na kuleta mwasho na uvimbe. Kaimasi na kaboksipeptidasi husalia karibu na pale zilipotoka, zimeng'ang'ania heparini, na kwa kuwa nje ya seli uasidi umepungua, kazi ya kukata inaanza.

Triptasi ina umbo la ajabu. Molekuli nne hushikana kufanya pete, na sehemu zote nne za kukatia zinatazama ndani ya tundu la katikati. Muundo huo ulichapishwa mwaka 1998, ukafumbua swali la muda mrefu: kwa nini vizuizi vya protini vilivyomo kwenye damu havikizimi kimeng'enya hiki? Ni vikubwa mno kuingia tunduni. Kwa hiyo triptasi huendelea kukata fibrinojeni, ambayo bila yake damu haigandi, na pia huamsha vipokezi vya seli za jirani hadi uvimbe ukaongezeka. Kaimasi, kwa upande wake, hugeuza anjiotensini I kuwa anjiotensini II, inayobana mishipa ya damu.

Kwa muda mrefu seli masti zilichukuliwa kama chanzo cha madhara tu. Picha hiyo ilibadilika mwaka 2006, Martin Metz, Stephen Galli na wenzao walipoonyesha katika jarida la Science kwamba panya wasio na seli masti hudhurika zaidi kwa sumu ya nyuki na ya nyoka kadhaa. Mmoja wa nyoka hao ni Atractaspis engaddensis wa Mashariki ya Kati, mwenye ndugu wa jenasi moja waishio chini ya udongo nchini Kenya, pwani ikiwemo. Sumu yake, sarafotoksini, inafanana sana na endothelini, homoni ya mwili inayobana mishipa. Mwaka 2007 ilibainika kwamba kaboksipeptidasi huondoa asidi amino ya mwisho kwenye mkia wa sarafotoksini, na kipande hicho kimoja kikitoka, sumu hupoteza makali. Mwaka 2011 kaimasi ya panya nayo ilionekana kuwakinga dhidi ya sumu ya nge. Kisha mwaka 2013 majaribio yalionyesha kuwa hata IgE, inayolaumiwa kila mara kwa mzio, iliwasaidia panya kustahimili sumu nyingi ya nyuki. Matokeo ya panya hayahamishwi moja kwa moja kwa binadamu, lakini yanatoa sababu nzito ya kuamini kwamba mzio mkali ni kinga iliyopita kiasi.

Kinga ikipita kiasi hivyo, presha hushuka na koo hubana. Kinachookoa ni adrenalini inayodungwa kwenye msuli wa paja mara moja, bila kungoja majibu ya maabara. Kipimo cha triptasi kina kazi nyingine: kuthibitisha baadaye kilichotokea. Kiwango chake katika damu hufikia kilele saa 1 hadi 2 baada ya dalili kuanza, kisha hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa 2. Damu inapaswa kutolewa kabla ya saa 4 kupita. Kwa mgonjwa wa Bombolulu anayepelekwa hospitali ya kisiwani, foleni ya Daraja la Nyali inakula sehemu ya muda huo.

Namba moja haitoshi. Sampuli ya pili huchukuliwa angalau saa 24 baada ya dalili kuisha, ili kujua kiwango cha kawaida cha mgonjwa, kisha kiwango hicho huzidishwa kwa 1.2 na kuongezwa 2 ili kupata mpaka wake. Mtu ambaye kawaida yake ni nanogramu 5 kwa mililita akipatikana na 9 siku ya tukio, amevuka mpaka wake wa 8, ingawa 9 peke yake ingeonekana salama. Na anayevimba koo baada ya kula kamba anaweza kupimwa akaonekana hana badiliko lolote, kwa sababu mzio wa chakula mara nyingi haupandishi triptasi ya damu. Majibu hayo hayamwondolei mzio.

Wapo ambao triptasi yao iko juu siku zote. Baadhi wamerithi nakala za ziada za jeni ya triptasi, TPSAB1, jambo lililoelezwa mwaka 2016. Wengine, hasa wanaozidi nanogramu 20, huenda wana mastositosisi, ugonjwa wa seli masti kuzaliana kupita kiasi, ambao mara nyingi hutokana na badiliko katika jeni ya KIT. Kwa watu hao mchomo wa nyuki ni miongoni mwa hatari kubwa, na wanahitaji kuwa na adrenalini karibu wakati wote.