Waya Haufichi Kosa

Magari ya waya yanajulikana Malawi, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, na yanajulikana vilevile Kenya na Tanzania. Mtoto hukunja waya wa uzio au wa kutundikia nguo, akatia magurudumu ya visoda au ya kandambili zilizochakaa, akaunga fimbo ndefu yenye usukani juu, kisha akaliendesha huku akitembea wima nyuma yake. Mwaka 1990 mwandishi Mmarekani Karen Lynn Williams alitoa kitabu cha watoto, Galimoto, kuhusu mvulana wa Malawi anayehangaika kukusanya waya wa kutosha gari lake. Pamoja na kujulikana kote huko, gari hili huhesabiwa kuwa moja ya vitu viwili tu: mchezo wa mtoto ambaye wazazi wake hawana pesa ya kununua kingine, au pambo la kuuzia watalii. Hesabu hiyo inalipunja. Gari la waya lililojengwa kwa vipimo ni modeli kamili ya gari, na kulijenga kuanzia mwanzo, bila kipande hata kimoja kilichotoka kiwandani tayari, kunadai jicho na hesabu kuliko kuunganisha modeli ya plastiki ya dukani.

Chanzo cha ugumu huo ni waya wenyewe. Bodi ya bati au ya plastiki ina uso, na uso ukishapakwa rangi humeza mengi: mkunjo uliokwenda upande, mlango usiolingana na mwenzake, nguzo ya kioo iliyosimama kupita kiasi. Pati na msasa humalizia kuficha kilichobaki. Waya hauna pa kuficha. Ukitazama ubavu wa kushoto wa gari la waya, unauona na wa kulia nyuma yake kwa wakati uleule, na nyaya mbili za paa zikipishana kwa milimita mbili jicho linagundua papo hapo, hata kama ni la mtu asiyejua lolote kuhusu magari. Zaidi ya hapo, mjenzi wa waya analazimika kuchagua, kwa kuwa hawezi kuweka kila kitu. Ukingo wa boneti lazima uwepo, na mstari wa chini ya madirisha pia. Lakini ule mfinyo mdogo unaopita katikati ya mlango, je? Ukiachwa, pengine gari linapoteza sura yake na kuwa gari lolote tu. Ukiwekwa mahali pasipo mfinyo, bodi nzima inageuka tundu la kuku. Hakuna anayeweza kuchagua vizuri bila kuwa amelitazama gari halisi kwa makini na kujua ni mistari ipi inayolitambulisha.

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana sana kwenye barabara zetu, Land Rover 110. Namba hiyo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, yaani milimita 2,794. Kwa uwiano wa 1 kwa 10, umbali huo unakuwa milimita 279. Tairi la 7.50-16, ambalo limefungwa kwenye Land Rover nyingi za kazi, lina kipenyo cha takriban sentimita 80, hivyo la modeli linatakiwa kuwa sentimita 8. Hapo ndipo magari mengi ya waya yanapokosea kwanza: mjenzi anatumia gurudumu lililopatikana, si lililohesabiwa, na gari linaonekana kama limezama ardhini. Unene wa waya nao una uwiano wake. Waya wa milimita 2 kwenye modeli ya 1 kwa 10 unawakilisha bomba la sentimita 2, kitu kinachoingia akilini kwenye fremu ya gari. Waya huohuo kwenye modeli ya 1 kwa 24 unakuwa sawa na bomba la karibu sentimita 5, na nguzo za madirisha zinafanana na nguzo za umeme. Kwa hiyo modeli ndogo inataka waya usiozidi milimita 1, na waya huo ni laini, hauwezi kubeba uzito bila kupinda. Kupima nako kuna sheria yake: vipimo vyote vichukuliwe kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya. Anayepima nje kwa nje anaingiza kosa la milimita 2, ambalo kwenye gari halisi ni sentimita 2, na milango haitaingia.

Kukunja ndiko kunakomtenganisha fundi na mwanafunzi. Waya wa chuma ukikunjwa hadi digrii 90 na kuachiwa, unarudi nyuma digrii kadhaa. Ni lazima upitishwe, na kiasi cha kuupitisha kinategemea ugumu wake, unene wake na ukali wa kona, kwa hiyo kila roli mpya ya waya inajaribiwa kwanza kwa kipande cha kutupa. Kosa haliruhusu marudio mengi. Chuma kilichokunjwa kikiwa baridi kinakuwa kigumu zaidi pale kilipokunjwa, na ukikinyoosha ili ukikunje upya, kona inahama pembeni mwa ile ya kwanza. Ukirudia tena na tena kinakatika. Ndiyo maana mafundi wazuri hawakunji hewani. Huchora mstari wa ubavu kwenye ubao kwa ukubwa wa modeli, wakapigilia misumari kwenye kona, wakauzungusha waya juu ya misumari hiyo. Ubavu wa pili unatoka kwenye ubao uleule, kisha unageuzwa juu chini ili uwe wa upande wa pili. Viungo hufungwa kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nne au tano na kukazwa kwa plaizi, au kwa lehemu ikiwa nyaya ni za shaba. Fundo la waya linavimba, hilo halikwepeki, lakini linaweza kuwekwa mahali ambapo gari halisi nalo lina bawaba au ribiti, na Land Rover ina ribiti nyingi.

Usukani ndio unaoonyesha vizuri zaidi kwamba hii ni kazi ya uhandisi. Magari mengi ya waya hukata kona kwa ekseli nzima ya mbele kuzunguka kwenye pete moja ya katikati. Njia hiyo ni rahisi na inadumu, ila ina gharama. Magurudumu hayazunguki mahali pake tu, yanasogea mbele na nyuma, hivyo yanagonga madigadi, na mjenzi analazimika kuinua pua ya gari au kuacha uwazi ambao gari halisi halina. Ekseli ikigeuka sana, mahali gari linaposimamia panapungua, na linapinduka kirahisi. Tatizo hilihili liliwasumbua waundaji wa magari ya farasi huko Ulaya. Mmoja wao, Georg Lankensperger wa Munich, alibuni njia ya kuiacha ekseli imetulia na kugeuza kila gurudumu kwenye mhimili wake, na mwaka 1818 wakala wake Rudolph Ackermann aliisajili hataza London. Hadi leo mfumo huo unaitwa kwa jina la Ackermann.

Hesabu yake inawezekana kabisa kwa waya. Gari likikata kona, gurudumu la ndani linapita kwenye duara dogo kuliko la nje, hivyo lazima ligeuke zaidi. Kila gurudumu linapewa mkono mfupi unaoelekea nyuma na kuinama kidogo kwa ndani, kiasi kwamba ukivuta mstari kutoka kwenye mhimili wa gurudumu kupitia ncha ya mkono, mistari ya pande zote mbili inakutana katikati ya ekseli ya nyuma. Tuseme kwenye Land Rover yetu mihimili ya magurudumu ya mbele imeachana kwa milimita 130 na mikono inafika milimita 30 nyuma ya ekseli. Kwa uwiano wa pembetatu, 65 mara 30 gawanya kwa 279, ncha ya kila mkono inaingia ndani milimita 7, na waya unaoziunganisha ncha hizo unakuwa wa milimita 116. Matokeo yanapimwa kwenye mchanga laini: gari lisukumwe likiwa limekata kona, na magurudumu yakiacha mistari safi hesabu imekaa sawa. Yakikwangua mchanga kwa pembeni, mikono imeinama kidogo mno au kupita kiasi. Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa pembetatu zinazofanana anayo elimu yote inayotakiwa hapa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba elimu hiyo inaendesha gari.

Wapo watakaosema kwamba bodi isiyo na uso si bodi, na kwamba modeli isiyoonyesha bati la gari haiwezi kudai usahihi. Pingamizi hili lina uzito kuliko mengine, lakini historia ya magari yenyewe inalijibu. Kampuni ya Touring ya Milano ilisajili mwaka 1936 mfumo wake wa Superleggera, ambamo mabomba membamba ya chuma yanachora umbo lote la gari, na alumini inawekwa juu kama ngozi tu. Aston Martin DB4 ya 1958 ilijengwa kwa mfumo huo kwa leseni. Umbo lilikamilika kwenye mabomba kabla ngozi haijawekwa. Halafu kuna kisa cha Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Mwaka 1972 Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitaka kuingiza gari halisi kwenye kompyuta, wakachukua Volkswagen Beetle, wakachora pointi na mistari juu ya bodi yake, wakaipima kwa mkono. Kilichopatikana ni wavu wa mistari, na wavu huo ulitosha kulitambulisha gari. Hadi sasa wabunifu wa magari wanaotumia kompyuta wanaweza kuliona gari lao kama mistari mitupu, kwa kuwa humo ndimo umbo linamokaa. Nakubali kwamba kuna kinachopotea. Mng'ao unavyoteleza juu ya madigadi ya gari zuri hauwezi kuonyeshwa na waya, na gari ambalo uzuri wake wote uko kwenye mng'ao huo halifai kujengwa hivi.

Pingamizi la pili ni la umaskini: kwamba kusifia gari la waya ni kupamba ukosefu. Ni kweli kwamba watoto wengi walianza na waya kwa sababu hapakuwa na kingine, na hakuna sababu ya kushangilia hilo. Ila uhaba wa malighafi haupunguzi thamani ya ubunifu uliotokana nao. Land Rover yenyewe ilipozaliwa mwaka 1948 ilipewa bodi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, na hakuna anayeiita gari la ukosefu. Tena wapo waliochagua waya wakiwa na uwezo wa kuchagua chochote. Alexander Calder alisoma uhandisi wa mitambo na kuhitimu mwaka 1919, kisha akajenga sarakasi nzima ya wanyama na watu kwa waya na vitambaa mjini Paris kati ya 1926 na 1931. Leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Msanii wa Uingereza Benedict Radcliffe amejenga magari ya ukubwa kamili kwa vyuma vyembamba, likiwemo Subaru Impreza, na watu husimama kuyatazama barabarani wakidhani macho yanawadanganya. Kazi ya mtoto wa Lilongwe na ya Radcliffe zina tatizo moja la kutatua, nalo ni mistari ipi ibaki.

Kuhusu mashine za kuchapa vitu vya plastiki, ambazo sasa zinatoa modeli nzuri ajabu, jibu ni fupi: zinatengeneza umbo ambalo mtu mwingine amekwisha kulifikiria. Aliyelichora kwenye kompyuta ndiye aliyejifunza. Anayebonyeza kitufe amepata gari tu.

Anayetaka kuanza achague gari la pande bapa. Land Rover ya zamani inafaa, Suzuki Samurai inafaa, matatu au daladala la umbo la sanduku linafaa. Volkswagen Beetle ingoje, kwa kuwa karibu kila mstari wake unapinda pande mbili kwa mpigo na unataka fremu za kukata mwili, kama mataruma ya jahazi, kabla ya kuutandaza waya wa juu. Ncha zote zipigwe kitanzi ili zisichome macho. Waya uliopakwa zinki usichomwe moto, kwa sababu mafusho yake yanaleta homa. Na kwa walimu wa ufundi, wa mtaala wa umilisi Kenya na wa mkondo wa amali Tanzania, ombi ni hili: mwanafunzi akileta gari la waya, msimpe alama za kupendeza tu. Chukueni rula, mwulizeni uwiano wake, pimeni umbali wa ekseli, lisukumeni kwenye mchanga, na mkatoe alama kwa kile mlichokipima.